Idara Iko Pamoja Nawe Shimoni

Wananchi wote walitangaziwa, kwa redio, kwa magazeti na kwa gari la spika lililozunguka mitaani mpaka sauti ikakauka, kwamba Serikali imeamua kuuchukua uchawi na kuuweka kwenye mpangilio. Si uchawi wa kurogana, tangazo lilifafanua, huo una watu wake. Ni uchawi wa mezani, wa ule mchezo ambao watu huzunguka meza, mmoja wao akasimulia hadithi ya mapango na majitu, na kila mmoja wa waliobaki akawa mtu ndani ya hadithi hiyo, huyu mfalme, yule mwizi, yule mchawi, na dadu ya nyuso ishirini ikaamua nani kapona na nani kaliwa. Kuanzia mwanzo wa mwezi, tangazo lilisema, hakuna mchawi wa mezani atakayehangaika peke yake. Kila mchawi atapata msaada rasmi.

Aliyeliandika tangazo hilo alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Mambo ya Kufikirika, chini ya Wizara ya Burudani Tulivu, na liliposomwa redioni alilisikiliza akiwa amesimama. Alikuwa mtu mwema, nisije nikasutwa. Hakufoka ofisini, hakumdharau mhudumu wa chai, na kalamu yake aliifunika kila baada ya saini ili wino usikauke. Kitu kimoja tu kilimkaa kooni, nacho ni hilo neno Kaimu. Fundi rangi aliyeandika mlango wa ofisi yake alianza na herufi za kujivunia, akaishiwa nafasi njiani. KAIMU ilisomeka tangu kwenye lifti, lakini Mkurugenzi ilibidi uisogelee na kuinamisha shingo. Kinyozi wake alimwita Kaimu. Watoto wa jirani walimwita Mzee Kaimu. Alikuwa akiitikia kwa tabasamu, na kila akiitikia moyo ulimuuma.

Waziri alikuwa amemwahidi. Siku Kitabu Rasmi cha Manuizo kitakapozinduliwa bila aibu, alisema, hilo neno litakwanguliwa mlangoni siku hiyohiyo.

Manuizo, kwa asiyejua, ni yale maneno ambayo mchawi wa mezani akiyatamka, moto huwaka au mlango wa jiwe hufunguka. Zamani kila nyumba ilikuwa na yake. Nuizo moja kwenye saluni ya wanawake liligeuza jeshi zima kuwa vitunguu, na nuizo lilelile, mtaa wa pili, liliwapigisha wanajeshi chafya tu. Kwa lugha ya idara, hali hiyo iliitwa ukosefu wa uwiano wa kimatokeo. Kaimu akayakusanya manuizo yote, zaidi ya mia nne, akayapanga kwa alfabeti, kisha, kama ilivyo ada, akawaita wadau.

Wadau walikuja na njaa. Zimamoto walisema nuizo la moto haliwezi kupita pasipo ndoo ya mchanga kando ya kila meza. Madaktari walitaka kujua huyo mchawi anayeponya majeraha kasomea wapi. Watu wa usafiri wa anga hawakuwa na neno na mchawi anayeruka, mradi tu afunge taa viwikoni na asiruke wakati wa mawingu. Watu wa kodi walipofikia nuizo la kutoonekana hawakupinga kitu, walilitazama tu kwa muda mrefu, na Kaimu akaliondoa mwenyewe. Wizara ya Ujenzi ndiyo iliyolikamata Nuizo la Kumpandisha Mtu Kutoka Shimoni. Hoja yao ilikuwa kwamba shimo lolote ni mali ya umma mpaka lifukiwe, na kilichomo shimoni ni sehemu ya shimo.

Mwishowe yalibaki manuizo matatu yasiyopingwa na mtu. La kwanza lilikuwa la Kupoza Chai. La pili, la Kukausha Nguo Taratibu. La tatu, la Kumtambua Mbuzi kwa Umbali wa Wastani. Kaimu aliyaona matatu hayo kuwa ushindi mkubwa wa maridhiano, na kitabu hakikupungua unene, kwa sababu kilikuwa na dibaji ya Waziri, utangulizi wa Katibu Mkuu, salamu za bodi na picha za wote hao wakikipokea kitabu kutoka kwa wenzao.

Ndani yake aliweka vifungu viwili ambavyo aliviandika asubuhi moja, akavipenda kiasi cha kumsomea dereva. Kifungu cha kwanza kilisema: lisilo kitabuni halipo mezani. Cha pili kilisema: anayenufaika na nuizo haruhusiwi kuliidhinisha. Na kwa wale watakaopata shida likaanzishwa Dawati la Msaada Rasmi, lenye kengele, kiti cha mgeni na karani aliyepelekwa mafunzoni. Karani huyo alifundishwa kusikiliza, kutikisa kichwa, na mwisho wa yote kusema, "Idara iko pamoja nawe."

Sasa nyumbani kwa Kaimu kulikuwa na mama mkwe wake.

Mama Mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikiwa inalia, na alipostaafu mikono hiyo ikakosa la kufanya. Alijaribu kufuma, akachoka. Akajaribu kumrekebisha binti yake upishi, binti akachoka. Ndipo akaukuta mchezo wa mezani, akamuumba mchawi aitwaye Shangazi Ngurumo, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akilalamika kuhusu magoti. Mezani Shangazi Ngurumo alikuwa kifungo cha kijani cha koti kuukuu. Alianza hawezi hata kuwasha mshumaa. Miaka ilivyokwenda akafika mahali pa kupasua majabali, na Mama Mkwe alimpenda kama mtu apendavyo mtoto aliyemlea mpaka akasimama.

Kundi lilikutana kila Jumamosi mchana sebuleni kwa Kaimu kwa sababu ndiko kulikokuwa na meza. Ilikuwa meza ya mikutano, pana, yenye kioo juu, iliyohamishwa kutoka wizarani kwa muda, na muda huo ulikuwa bado unaendelea. Msimulizi alikuwa fundi friji wa mtaani, mtu asiye na mbwembwe, ambaye alitangaza ujio wa joka la vichwa saba kwa sauti ileile aliyotumia kumwambia mteja kwamba gesi imeisha. Msusi wa saluni ya kona alicheza mwizi. Wengine wawili walikuwa wakija, lakini kitabu kilipotoka waliacha, wakasema hawakuzaliwa waje kukausha nguo taratibu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kitabu kuanza kutumika, Shangazi Ngurumo aliteleza akatumbukia shimoni. Fundi friji alikichukua kikombe kilichovunjika mkono, akakiweka katikati ya meza, akadondosha kifungo cha kijani ndani. Shimo lilikuwa na kuta laini kama sahani, akasema, na kina chake ni watu watatu: wa tatu akisimama juu ya mabega ya wa pili, na wa pili juu ya wa kwanza, huyo wa juu ndiye angeweza kushika ukingo. Mwizi wa msusi alitaka kushusha kamba, akakuta imeliwa na mbuzi. Mama Mkwe hakutishika. Aliwaambia wenzake kwamba wiki ijayo atajipandisha kwa nuizo lake, akaenda kulala.

Wiki iliyofuata kitabu kikawa sheria. Fundi friji alikipekua kutoka dibaji hadi jalada la nyuma, akalamba kidole, akapekua tena. Nuizo halikuwemo.

Mtaa wa pili tatizo hilo lilitatuliwa kwa kuvuta mapazia na kutoa nakala za zamani chini ya godoro. Mama Mkwe hakukubali hata kusikia jambo hilo. Alikuwa ametumikia hospitali ya serikali tangu ujana, na aliamini kwamba utaratibu ukifuatwa mpaka mwisho, mwisho wake kuna mtu. Basi kila Jumamosi aliketi mezani amejipaka mafuta vizuri, na zamu yake ikifika alisema, "Nipo shimoni," akampa msusi dadu.

Kaimu alikuwa akiyasikia hayo akiwa chumbani, na yalimchoma. Lakini mkwe ni mkwe. Mama mkwe mwenye heshima zake hamwombi mkwewe, na mkwe mwenye adabu hajitii katika jambo ambalo hakuambiwa. Waliamkiana, wakapeana sukari, wakaulizana hali ya hewa, na kikombe kikakaa katikati ya meza na kifungo chake.

Asubuhi moja kengele ya Dawati la Msaada Rasmi ililia, na karani akaja ofisini kwa Kaimu jasho likimtoka. Kuna mama mmoja, alisema, ametikisiwa kichwa mara kadhaa na bado haondoki. Kaimu akatoka. Mama Mkwe alikuwa kwenye kiti cha mgeni, amevaa viatu vyake vya harusi za watu, mkoba mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Lakini hapa mimi ni mwananchi, Mheshimiwa Kaimu. Nihudumie kama mwananchi."

Naye akamhudumia kama mwananchi, na hapo ndipo alipoharibu. Alimweleza kwamba nuizo lake halijafutwa, bali liko nje ya kitabu kwa muda, likisubiri maoni ya Wizara ya Ujenzi, ambayo nayo inasubiri shimo litambulike, na shimo haliwezi kutambulika mpaka litembelewe na mtaalamu, ambaye akishaingia hataweza kutoka kwa sababu nuizo halipo. Mama Mkwe alisikiliza yote hayo bila kukatiza. Akauliza ombi lake liko hatua gani.

"Limepokelewa, Mama."

"Na baada ya kupokelewa?"

"Baada ya hapo huwa tayari limepokelewa." Kaimu alijikohoza. "Lakini usijione mpweke. Idara iko pamoja nawe."

"Shimoni?"

"Popote ulipo, Mama."

Mama Mkwe alishukuru, akapanga foleni ya basi, akarudi nyumbani. Jioni chakula kilikuwa mezani kama kawaida. Ila kuanzia siku hiyo hakumwita tena "baba" kama alivyomwita tangu alipomwoa binti yake. Alimwita Mheshimiwa Kaimu. Mheshimiwa Kaimu, chumvi hiyo hapo. Mheshimiwa Kaimu, taulo lako limeanguka. Alilitamka kwa upole na kwa heshima zote, na Kaimu, ambaye neno hilo alikuwa akilisikia mchana kutwa, hakuwahi kuumia kama alivyoumia kulisikia hapo kwake.

Mkewe alimkabili wakati akipiga pasi shati.

"Mtoe mama yangu shimoni."

"Kuna utaratibu."

"Vizuri. Basi huo utaratibu ukupigie pasi." Akalilaza shati pale mezani, upande mmoja ukiwa umenyooka, na Kaimu akaenda nalo kazini hivyohivyo.

Siku ya uzinduzi ikapangwa. Waziri mwenyewe angecheza mbele ya waandishi wa habari, pamoja na wananchi wanaofurahia Toleo la Kwanza. Idara ikatuma watu mitaani kuwatafuta wananchi hao. Wakakuta mapazia yaliyovutwa, wakagonga, wakaambiwa humu ndani watu wanacheza karata. Baada ya kuzunguka mji mzima, ripoti ililetwa kwa Kaimu kwamba limepatikana kundi moja tu linalocheza kwa mujibu wa kitabu, bila kuongeza wala kupunguza, na linacheza nyumbani kwake.

Hakuwa na ujanja. Siku hiyo meza ya mikutano ilirudi wizarani kwenye pikapu ya fundi friji, imefungwa kamba kati ya majokofu mawili mabovu, na Mama Mkwe akiwa amekaa juu yake, mkono mmoja kwenye kikombe ili Shangazi Ngurumo asisukwesukwe. Watu wa wizara waliipokea meza kwa mshangao, maana wengi waliajiriwa baada ya kuondoka kwake.

Ukumbi ulipambwa. Nyuma ya meza kulitundikwa kitambaa kipana kilichoandikwa MWANANCHI KWANZA. Hotuba ya Waziri ilikuwa imeandikwa na Kaimu, na ndani yake, kwa nia njema kabisa, aliweka sentensi moja ya kumfariji mama mkwe wake. Waziri aliisoma kwa sauti nzito, kidole juu. Alisema chini ya kitabu hiki hakuna atakayependelewa, na hata yeye Waziri, akitumbukia shimoni leo, atafuata utaratibu kama mwananchi mwingine yeyote. Ukumbi ulipiga makofi. Kaimu alimtupia Mama Mkwe jicho, akamwona anatikisa kichwa taratibu, kama yule karani.

Kisha Waziri akaketi. Alipewa kuwa mfalme, na kwa ajili hiyo watu wa itifaki walileta kizibo cha dhahabu cha chupa ya manukato. Mfalme alitoka ikuluni, akapita msituni, watu wakamsujudia. Fundi friji akamwomba arushe dadu ili avuke jabali. Waziri alirusha kwa madaha. Dadu ilibingirika, ikagonga glasi ya maji, ikasimama kwenye moja.

"Umetumbukia shimoni," fundi friji alisema.

Afisa Habari wa wizara, kijana wa suti iliyombana, aliinuka kabla waandishi hawajaandika. "Mheshimiwa Waziri hatumbukii," alisema. "Mheshimiwa ameteremka. Amefanya ziara ya kushtukiza shimoni kujionea hali halisi ya wananchi."

Fundi friji alifikiri, akaona haina tofauti kwa upande wa kina. Akakichukua kizibo na kukidondosha kikombeni, na mlio wake ukasikika mpaka viti vya nyuma.

Waziri alilipenda hilo la ziara. Akaegemea kiti, akatazama kikombe, akaona kifungo cha kijani, akauliza huyu aliyemkuta humu ni nani.

"Ni mwananchi," Mama Mkwe alisema kutoka upande wa pili wa meza.

"Umo humu tangu lini, mama?"

"Tangu kitabu kitoke."

"Na hukuomba msaada rasmi?"

"Niliomba, Mheshimiwa. Nikaambiwa idara iko pamoja nami humu shimoni. Nimepapasa pande zote, sijaigusa."

Watu wa nyuma walicheka kidogo, wakajifanya wanakohoa. Waziri alicheka pia, kwa ukarimu, akasema ameyaona ya kutosha na sasa apandishwe, ana kikao mchana. Fundi friji akafungua Kitabu Rasmi, akamsomea manuizo yote yaliyopo, na haikuchukua muda. Waziri alijaribu la Kupoza Chai, akaambiwa shimoni hamna chai. Alijaribu la Kukausha Nguo, na joho la mfalme, lililokuwa limelowa matope, likaanza kukauka taratibu. Akauliza hilo la tatu linamfaa nini mtu aliye shimoni. Fundi friji akamjibu kwamba kuna kitu kinachungulia kutoka ukingoni. Waziri akalitamka nuizo, na ikathibitika kwamba ni mbuzi.

"Kaimu," Waziri aliita, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera, "lirudishe hilo nuizo la kupandisha watu. Naidhinisha sasa hivi."

Kaimu alisimama. Akilini aliuona mlango wake na yule fundi rangi amesimama na kikwangulio. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna kifungu, Mheshimiwa. Anayenufaika na nuizo haruhusiwi kuliidhinisha. Na Mheshimiwa, kwa sasa, yumo shimoni.

Kalamu za waandishi zikaanza kukimbia. Waziri aliitazama hotuba yake iliyokuwa bado mbele yake. Ile sentensi ya shimo ilikuwa imepigiwa mstari.

"Nani aliandika kifungu hiki?"

"Idara, Mheshimiwa."

"Na hii idara ambayo iko pamoja na wananchi mashimoni. Iko wapi? Mimi nimo humu na huyu mama, tuko wawili. Idara siioni."

Kaimu aligeuka nyuma kumtafuta mtu wa idara. Karani wa Dawati alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Kuna methali ya mchimba kisima, na naona mtu ameshaishika mdomoni, lakini tusimwonee Kaimu. Hakuchimba yeye. Yeye aliondoa ngazi tu.

Akatoa kalamu yake mfukoni, akavua kifuniko chake, akakikabidhi kwa fundi friji. Huyu ni karani wa mfalme, alisema. Anaruka. Fundi friji akamweleza kwamba kuingia hakuhitaji dadu. Kifuniko cha kalamu kikaangukia juu ya kizibo cha dhahabu, na Kaimu akasogezewa kiti.

Mama Mkwe alikuwa akikitazama kikombe kwa jicho ambalo binti yake angelitambua mara moja, jicho la mkunga aliyeambiwa subiri na kuona kwamba muda wa kusubiri umekwisha. Akamuuliza fundi friji kina cha shimo. Fundi friji akarudia kama alivyosema mwanzo: watu watatu, mmoja juu ya mabega ya mwenzake.

"Na humu sasa tuko wangapi?"

"Watatu," fundi friji alisema.

Likazuka suala la nani awe chini. Watu wa itifaki walijadiliana kando na kurudi na msimamo kwamba Waziri hawezi kukanyaga moja kwa moja ardhi ya shimo. Kwa hiyo Kaimu akawa chini, Waziri akasimama juu ya mabega yake, na hakuna aliyeshangaa, kwani hivyo ndivyo wizara ilivyokuwa siku zote. Utata ukabaki ni nani atakayesimama juu ya Waziri. Afisa Habari alitaka kusema kitu, macho yake yakapanda kwenye kitambaa cha MWANANCHI KWANZA kilichokuwa kinaonyeshwa moja kwa moja na kamera tatu. Akakaa.

Mama Mkwe aliifikicha dadu kiganjani, akaipulizia, akairusha. Ilitoka kumi na tisa. Shangazi Ngurumo alikanyaga bega la karani, akakanyaga bega la mfalme na taji kidogo, akashika ukingo na kujivuta. Fundi friji alikitoa kifungo cha kijani kikombeni na kukiweka mezani, kwenye mwanga. Msusi alijipiga kofi pajani. Mama Mkwe alikishika kifungo, akakipangusa kwa upindo wa nguo, na machozi yakamlengalenga, hakuyaficha.

"Vizuri sana, mama," Waziri alisema. "Sasa tupe mkono."

Mama Mkwe alimtazama kwa heshima zote.

"Ombi lenu limepokelewa," alisema.

Waziri alicheka. Alicheka peke yake kwa muda, akasubiri wengine wamfuate, kisha akaacha. Mama Mkwe alikuwa ameshamgeukia mkwewe, na uso wake ulikuwa umelainika kama zamani.

"Baba," alimwambia, "niko pamoja nawe."

Kisha akamwambia fundi friji kwamba Shangazi Ngurumo na mwizi wanaelekea milimani, na kama kuna joka wao hawana neno nalo.

Kamati ya kulirudisha nuizo ilitakiwa kukaa wiki hiyo. Mwenyekiti wake ni Waziri, ambaye yumo shimoni na angenufaika. Katibu wake ni Kaimu, ambaye yumo chini ya Waziri. Wanasheria wa wizara walisoma kifungu huku na kule wakakikuta kimeandikwa vizuri mno, hakina upenyo. Mtu mwingine angeacha mchezo. Lakini taifa zima lilikuwa limemwona Waziri akiingia, na yeye hakuwa mtu wa kuonekana ameshindwa kutoka. Meza ikarudi sebuleni kwa Kaimu, kwa muda, na kila Jumamosi gari la Waziri likawa linaegeshwa mbele ya saluni ya kona. Anavua viatu mlangoni, anamwamkia Mama Mkwe, anakaa. Zamu yake ikifika anasema, "Nipo shimoni."

Wanasheria walishauri pia kwamba Waziri aliye shimoni kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi hawezi kuhesabiwa kuwa Waziri kamili mpaka atoke. Fundi rangi akaitwa. Alipanda na lifti, akaupita mlango wa Kaimu bila kuugusa, akaenda mpaka mwisho wa korido, na kwenye mlango mpana kuliko yote akaanza na herufi zilezile za kujivunia.

Ndiyo maana Jumamosi iliyopita Mama Mkwe alipomaliza zamu yake, akasukuma dadu na kusema, "Kaimu, zamu yako," wanaume wawili walinyoosha mkono kwa pamoja. Mdogo alimpisha mkubwa. Fundi friji aliwaarifu, kwa sauti ya gesi imeisha, kwamba ukingoni kuna kitu kinachungulia, kina pembe na ndevu.

Waziri alilitamka nuizo taratibu, bila kukosea hata neno. Alikuwa mbuzi. Akageuza shingo kumtazama Kaimu na kumwambia, kwa dhati kabisa, kwamba hilo moja linafanya kazi vizuri sana.